Pamba Niliyoikuta Machoni mwa Marehemu

Jamani, kosa ni langu, sina pa kulitupia. Mdomo wangu umemfungia dunia mdogo wangu, na mpaka leo nikimsikia anapapasa ukuta kutafuta mlango, nakimbilia kumshika mkono.

Mimi ni mwosha maiti hapa Bagamoyo. Kazi hii nimeirithi kwa mama, na jambo la kwanza alilonifunza ni kwamba ukiona kitu kwenye mwili wa marehemu, kizuri utakisema, kibaya utakifunika. Hata mumeo humwambii. Nimeosha wanawake wengi na siri zao nimezimeza. Moja tu ilinishinda.

Miaka ile hofu ya mumiani ilikuwa imetushika kweli kweli. Tuliambiwa wako watu wanakamata wenzao, wanawatoa damu na viungo, wanafanyia dawa. Ikifika magharibi watoto tunawafungia ndani. Redio nayo ikatangaza kwamba huko ng'ambo mtu katolewa moyo, kapewa wa maiti, na yu hai anazungumza! Nikajiambia, basi tena, mumiani sasa wamepewa ruhusa.

Hospitali yetu ikaletewa daktari wa macho, mtu mfupi, mpole, anayewaamkia hata wafagiaji. Mdogo wangu, nimwite Tatu, alikuwa amelazwa kwake. Surua ya utotoni ilimwachia utando mweupe macho yote mawili, akawa anajua mwanga na giza tu. Ameolewa Fukayosi, kazaa mtoto wa kike, uso wa mwanawe haujui. Daktari alisema atampasua, huenda akaona. Atamtibu kwa kitu gani, shemeji yangu, mume wa Tatu, alijua lakini hakunambia mimi wala Tatu. Alinijua nilivyo mwoga.

Asubuhi ya upasuaji huo nikaitwa nikamwoshe jirani yetu, Bi Mwajuma, aliyefia hospitali ile ile. Nikamlaza, nikaanza kazi. Nilipofika usoni nikaona kope zimekaa vibaya. Nikagusa. Ndani mlikuwa na pamba!

Wallahi kata ya maji ilinitoka mkononi. Mumewe alikuwa pale pale nje barazani, ningemwita pembeni nikamwuliza, angenieleza kwa maneno mawili. Mimi nikatoka na mikono inachuruzika, nikapiga ukelele mbele ya wanaume waliokuja kuzika kwamba Bi Mwajuma hana macho, daktari ni mumiani, na mdogo wangu yumo mikononi mwake.

Mume wa marehemu, mzee wa watu, alisimama kunizuia, lakini hakuna aliyemsikiliza. Vijana walikwenda hospitali na marungu, na mimi mbele yao. Nilimkuta Tatu keshavalishwa nguo za upasuaji, nikamvuta, nikamkokota mpaka nyumbani huku analia na kunishukuru. Daktari walimtoa kwa mlango wa nyuma, damu inamtoka kichwani. Akarudi Dar, na hakuletwa mwingine.

Baada ya hitima mume wa Bi Mwajuma aliniita. Hakunigombeza.

"Mke wangu alitoa macho yake kwa hiari, mimi na kaka zake tukiwa mashahidi," alisema. "Alitaka Tatu amwone mwanawe."

Nikamwangukia yule mzee miguuni, nikamwangukia na shemeji, wasimwambie Tatu. Wakanisitiri. Wote wawili wametangulia mbele ya haki, na Tatu nakaa naye mimi. Kila akikumbuka siku ile husema dada nilimwokoa, na kila akisema hivyo najitafutia kazi ya kufanya.

Juzi redio imetangaza kwamba daktari yule amefariki. Wamemsifu, na anastahili: ndiye wa kwanza pande zetu kutoa kioo cha jicho la marehemu akampa aliye hai. Wako watu Dar wanasoma Kurani leo kwa kazi ya mikono yake. Tatu alikuwa anachambua mchele kwa vidole. Vidole vikasimama.

"Dada, si ndiye yule?" akauliza. Nikamwambia ndiye. "Basi yale macho ya Bi Mwajuma alikuwa apewe nani?"

Nikasingizia chungu kinaungua, nikakimbilia jikoni. Kinywa kilichopiga kelele siku ile, leo hakifunguki.

Waosha wenzangu, na nyote mnaoingia kwenye siri za watu, nawaomba: ukikuta usichokielewa, kifunike, kisha uliza taratibu. Woga ukitangulia mbele, unaweza kumponza mtu wako mwenyewe kama nilivyomponza wangu.

Na wewe mwanangu, binti wa Tatu, unayemsomea mama yako gazeti hili kila wiki, nakujua utafika hapa. Usiruke. Msomee pole pole, umwambie Bi Mwajuma alimpa yeye.