Matumbo Yaliyooshwa

Mwenye bucha kule Kikopey alitabasamu aliponikabidhi mfuko wa matumbo ya mbuzi. "Boss, nimekuoshea kabisa. Maji moto, halafu nikakwangua. Hata mchanga hutapata."

Mteja mwingine yeyote angemshukuru. Lakini mimi sikuwa napeleka matumbo jikoni, nilikuwa nayapeleka maabara. Seli nilizotaka kupima jinsi zinavyoongezeka hukaa kwenye utando laini wa ndani, na ndio aliokuwa ameukwangua. Kilinusurika kipande kidogo karibu na fundo alilofunga mwishoni mwa utumbo, ambapo kisu hakikufika.

Ilikuwa Januari 2008. Kabla sijarudi kuomba mengine, ghasia za baada ya uchaguzi zilizuka na barabara zikafungwa. Nakuru ilinuka moshi, lango la maabara likatiwa kufuli, na mimi na mwenzangu niliyemaliza naye chuo tukabaki ndani.

Kipande kile nilikitia rangi inayong'aa kijani kwenye seli zinazogawanyika pekee. Shida ni kwamba rangi hiyo hufifia ikimulikwa. Kila ukiitazama, unaipunguza. Na mimi ni mtu wa kurudi kuhakikisha kwamba mlango nimeufunga, kisha kurudi tena kuhakikisha kwamba nilihakikisha. Mama, aliyekuwa Dundori, nilimpigia simu mpaka akaniomba nimwache amenye viazi.

"Umechungulia tena?" mwenzangu aliuliza.

"Kidogo tu."

"Wacha bana! Utaimaliza na macho."

Ilitubidi tupige picha tabaka kwa tabaka, mfululizo, kisha kompyuta izipange ziwe umbo moja. Kwenye tabaka moja, visima vidogo vya utumbo, ambamo seli huzaliwa, huonekana kama vyumba vya mviringo visivyo na mlango. Nilimwambia mwenzangu hivyo, kidole changu juu ya kitufe, nisibonyeze. Je, nikianza vibaya? Je, stima ikipotea katikati?

Mwenzangu alikisukuma kiti changu kando, nami nikiwa juu yake, akabonyeza.

Niliikalia mikono yangu. Mashine ilinguruma ikishuka, tabaka baada ya tabaka, na umbo likainuka kwenye skrini: visima vimesimama wima, kila kimoja kina mdomo wazi juu, na vitone vya kijani chini, vya kuhesabika.

"Si unaona? Mlango uko."

Nikaomba turudie mara moja tu, kuhakikisha. Hakubishana. Alinipisha kwenye hadubini, nikainama.

Giza tupu.

Nikainua kichwa. Nikachungulia dirishani: kufuli lilikuwa bado langoni. Nikavuta kiti mbele ya skrini, nikaanza kuhesabu vile vitone.