Bahari ya Lita Mia Nne

Katika hoteli moja ya Rumonge, hatua arobaini kutoka Ziwa Tanganyika, yupo mtu ambaye kazi yake ni kutengeneza maji. Anaitwa Melkiades Nduwimana, ana miaka arobaini na tisa, na watu wanaopita na ndoo zao kutoka ziwani humsalimia kwa huruma.

Mwenye hoteli, Bwana Niyonkuru, alikuwa ameona ng'ambo samaki wa baharini wakiishi ndani ya kioo, akaagiza kioo kama hicho. Kilifika mwezi wa pili pamoja na fundi kutoka Dar es Salaam aliyeitwa Shafii. Ndani yake kulikuwa na matumbawe, samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mikanda myeupe, na mnyama mmoja laini mwenye vidole vingi, ambaye wafanyakazi walimwita Ua. Samaki wale hulala katikati ya vidole vyake. Shafii aliwakusanya wafanyakazi akauliza ni nani kati yao anayejua mambo ya chumvi. Melkiades, aliyekuwa akifyeka majani ya bustani, aliinua mkono. Wakati wa ukimbizi Tanzania alichemsha chumvi Uvinza kwa miaka sita. Hakuna aliyeshindana naye.

Shafii alikaa siku tatu, akamfundisha jambo moja: kila Ijumaa atoe lita arobaini za maji ya zamani na kutia lita arobaini za maji mapya. Maji ya ziwa hayafai, kwa sababu yana madini yake. Maji ya bomba hupitishwa kwanza kwenye kichujio, ambacho hutoa ndoo moja kwa muda wa kutosha kupika maharage. Maji hutangulia kwenye pipa, chumvi hufuata, ikinyunyizwa kidogo kidogo huku pampu ikikoroga. Ukianza na chumvi ukaimwagia maji, inaganda chini kama chokaa na haiyeyuki tena. Kisha maji yanaachwa hadi kesho yake, yawe meupe kabisa na yenye joto sawa na ya kwenye kioo. Mwisho, tone moja linawekwa kwenye kipimo kidogo cha kuchungulia, na mstari lazima usimame kwenye thelathini na tano, yaani gramu thelathini na tano za chumvi katika kila kilo ya maji.

Chumvi yenyewe si ya jikoni. Hutoka Dar es Salaam kwa ndoo, na huchukua wiki tano njiani.

Melkiades aliyashika haya yote kama mtu aliyekabidhiwa funguo za kanisa. Bwana Niyonkuru alipomletea pipa lililokuwa limebeba mawese, akisema limeoshwa, Melkiades aliliosha tena mara nne, akalijaza maji, akamwita aone. Juu ya maji palielea duara la rangi tano. Pipa jipya lilinunuliwa. Tangu siku hiyo wafanyakazi waliacha kumwita "wewe wa majani" wakaanza kumwita Fundi. Binti yake Eliana aliandika neno hilo kwenye fomu ya shule, mahali pa kazi ya mzazi. Melkiades alimwomba aisome fomu hiyo mara mbili, ili kuhakikisha hakuna makosa.

Mwezi wa sita mvua zilikwisha na upepo ukaanza. Bwana Niyonkuru aliondoa kifuniko cha kioo, kwa sababu wageni walilalamika kwamba kinaharibu picha. Maji yakawa yanapungua vidole viwili kila baada ya siku chache. Shafii hakuwa amesema lolote kuhusu vidole viwili. Melkiades aliamua mwenyewe: kilichopungua ni maji ya bahari, basi kirudishwe maji ya bahari. Alichota kutoka pipa lake lililopimwa vizuri, akajaza hadi alama. Alifanya hivyo kwa wiki nne.

Katika wiki ya nne Ua lilijikunja likawa kama ngumi. Samaki walisimama pembeni, wakihema haraka.

Jumanne Bwana Niyonkuru alikuja na Jamali, seremala, kutazama kama kioo kinaweza kugeuzwa kaunta ya vinywaji. Jamali alitoa futi yake akapima kioo, samaki wakimtazama.

"Mita moja na nusu," alisema. "Ukitia barafu, patron, chupa mia moja zinaingia. Kaunta nzuri kabisa."

"Na hawa samaki?"

"Hao si kazi ya mbao."

Bwana Niyonkuru alimgeukia Melkiades. "Jumapili kuna watu wa ubatizo. Lile Ua likiwa bado limefunga, Jumatatu Jamali anaanza kazi. Nawe unarudi kwenye majani."

"Ndiyo, patron."

Siku hiyo Melkiades alipima maji ya pipa mara tatu. Thelathini na tano. Alisafisha kipimo, akapima tena. Thelathini na tano. Jumatano asubuhi alikuwa anafuta ukingo wa kioo, kwenye ukoko mweupe ambao alikuwa ameufuta kila asubuhi kwa mwezi mzima, Aziza mpishi alipopita na sufuria.

"Baba Eliana, amahoro. Unafuta nini kila siku hapo?"

"Chumvi, dada. Inajitokeza yenyewe."

"Iko inajitokeza yenyewe." Aziza aliweka sufuria chini. "Na kule Uvinza mulikuwa munaipata namna gani?"

"Tunachemsha maji yanakwenda, chumvi inabaki."

"Halafu maji yakipungua?"

"Tunaongeza mengine ya chumvi, ili tupate chumvi zai..."

Aziza alichukua sufuria yake.

"Mimi mchuzi ukikauka natia maji," alisema. "Lakini mimi si Fundi."

Melkiades alichukua tone kutoka ndani ya kioo, mahali ambapo hakuwahi kupima tangu Shafii aondoke. Uvinza walipima maji ya kisima, hakuna aliyepima sufuria ya kuchemshia. Mstari ulisimama kwenye arobaini na moja. Kwa wiki nne alikuwa amerudia kazi yake ya zamani, polepole, bila kuni, na viumbe hai wakiwa ndani.

Alikaa juu ya pipa akapiga hesabu. Kutoa lita kumi za kwenye kioo na kutia lita kumi, ndoo moja, za maji matupu kungeshusha mstari kwa alama moja. Alimpigia Shafii simu, naye akamwambia kwamba akishusha zaidi ya hapo kwa siku, wanyama watakufa kwa mshtuko. Alama sita, siku sita. Jumapili ilikuwa siku ya tano.

Ijumaa Bwana Niyonkuru alimkuta akitia maji kikombe kwa kikombe.

"Unafanya nini?"

"Napunguza chumvi, patron. Ni mimi niliyeizidisha."

Bwana Niyonkuru alikuwa amejiandaa kusikia habari za upepo, au za umeme. Ilimbidi afikiri upya.

"Basi mwaga ndoo zote leo. Kesho iko sawa."

"Hapana, patron."

"Hapana?"

"Ukimwaga zote, kesho utakuwa na maji mazuri na samaki waliokufa. Ndoo moja kwa siku."

"Jumapili utafika ngapi?"

"Thelathini na sita."

"Na kwenye thelathini na sita Ua linafunguka?"

"Sijui, patron."

Bwana Niyonkuru angeweza kuishika ndoo mwenyewe, na mkono wake ulikwenda hadi kwenye mpini. Melkiades hakuiachia. Aliendelea tu kuishika, hadi mwenzake akakumbuka kwamba anasubiriwa sokoni.

Jumapili watu wa ubatizo walifika saa saba. Ua lilikuwa bado ngumi. Bwana Niyonkuru aliwaambia wageni kwamba limelala.

"Halijalala," Melkiades alisema, akiwa amebeba ndoo. "Nilizidisha chumvi."

Wageni walikwenda kula. Wakati wa keki, kidole kimoja kilijitokeza, halafu vingine vinane, halafu mtoto aliyebatizwa akaanza kulia na watu wakageuka upande huo, kwa hiyo Aziza peke yake ndiye aliyeona samaki wa kwanza akiingia katikati ya vidole. Alimwita patron. Bwana Niyonkuru alisimama mbele ya kioo na sahani yake, akatazama, kisha akatoa simu akampigia Jamali.

"Usilete mbao," alisema. "Hapana. Hapana, hata moja. Leta kifuniko, mita moja na nusu."

Melkiades alichukua tone, akachungulia. Thelathini na sita. Akainama kushika ndoo.

"Si limefunguka?" aliuliza Bwana Niyonkuru. "Inatosha."

"Imebaki moja, patron. Ya kesho."

"Basi hiyo ndoo ni ya nini?"

"Ni ya kuiweka tayari. Kichujio kinachelewa."

Bwana Niyonkuru alisogea na sahani yake, akampisha apite.