Mama Pindo Ajifunza Kuitwa

Mtaa mzima ulimwita Mama Pindo, kwa sababu pindo alilolishona yeye halikufumuka mpaka nguo yenyewe ichakae. Kwa cherehani yake alisomesha wanawe, akamzika mume kwa heshima, wala hakubisha hodi kwa mtu kuomba chumvi. Lakini macho yakaanza kumsaliti. Kwanza ukungu kidogo, kama kioo kilichopumuliwa. Kisha uzi ukawa unapita pembeni ya tundu la sindano. Mwisho akamshonea mteja mkono wa kushoto kwenye bega la kulia. Mteja akacheka, yeye hakucheka.

Hospitali wakamwambia aje siku ya daktari wa macho, ambaye huja mara moja kwa mwezi. Akaenda. Dirishani akapewa kijikaratasi, karani akamsomea, "Ishirini na saba, Mama. Kaa pale, utaitwa." Juu ya mlango palikuwa na kioo chenye namba zinazowaka, asizoziona, na kipaza sauti chenye sauti ya mwanamke asiyekohoa wala kuvuta pumzi, kikiita kwa Kiingereza kitupu. Kiliita, kikaita. Watu wakaingia, wakatoka. Jioni mfagiaji akamwambia, "Mama, daktari kaondoka."

"Kaondoka? Mbona hakuniita?"

"Uliitwa zamani, Mama."

Mwezi uliofuata alimwomba bwana mmoja pale kwenye benchi amsikilizie. Bwana yule akakubali kwa moyo mweupe, kisha akaitwa yeye, akaingia, akatokea mlango wa pili, akaenda zake. Mama Pindo akakaa tena mpaka ufagio ukamfikia miguuni.

Njiani kurudi aliapa. Kilichoharibika ni macho; masikio yake mazima. Safari ijayo ataisikia namba yake mwenyewe. Tabu ni kwamba hakuna ajuaye atapewa ipi, kwa hiyo ilibidi ajifunze zote.

Na aliyezijua pale nyumbani ni mke wa mwanawe, aliyekuwa akikata tiketi kwenye ofisi ya mabasi. Wawili hao walikuwa wa salamu tu, tangu mkwe aliposema kwamba cherehani ya umeme inashona haraka zaidi. Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mama Pindo akainama, kidogo.

"Mke wa mwanangu, hebu nihesabie kwa Kiingereza."

"Kulikoni, Mama? Unataka kusafiri?"

"Nataka kuitwa." Akamweleza habari ya kipaza sauti.

Mkwe akatua sufuria. "Basi siku hiyo niombe ruhusa kazini, nikupeleke."

"Wakukate mshahara kwa ajili yangu? Thubutu! Nihesabie."

Wakaanza, na kopo la vifungo katikati yao, kila kifungo kikiangushwa kwenye sinia kwa jina lake. Wani, tuu, thrii. Mpaka kumi alikwenda kama maji. Baada ya kumi akagoma.

"Ileveni? Kumi yake iko wapi? Moja yake iko wapi?"

"Ndivyo ilivyo, Mama."

"Mtoto gani huyu, hakufanana na baba wala mama?"

"Na anayefuata ni twelvu. Yaani dazeni."

"Dazeni! Sasa mbona humtaji kwa jina analojulikana mjini? Huyo namjua tangu naanza kununua vifungo!"

Mkwe akacheka mpaka akajishika ubavu, na Mama Pindo, aliyekuwa amekaza uso, akajikuta anacheka naye. Jioni zote zikawa za somo. Kutoka thatini mpaka naintini walisukumana. Walipoingia twenti, Mama Pindo akapiga sinia kofi. "Kumbe! Huku ni mshono mmoja unaorudiwa. Si ungeanzia huku?"

Akawa anahesabu akifua, akihesabu akipanda ngazi. Majirani wakasema Mama Pindo anatafuta ukondakta. Mkwe naye hakumhurumia. Alimtupia namba ovyo, ya juu, ya chini, upesi upesi, naye ataje ni ngapi. Akikosea kidogo akadai amekaribia, mkwe alimjibu, "Hospitali hawaiti aliyekaribia, Mama."

Siku ikafika. Karani akamsomea: sitini na nne. Mama Pindo akakaa wima, mkoba mapajani, midomo ikicheza kimyakimya. Siksti-foo. Sauti ilipoingia hamsini akaifuata moja baada ya moja, kama mtu asikiaye hatua za mgeni zikija uani. Siksti-thrii. Kikongwe mmoja akashikwa mkono, akaingizwa ndani. Kisha, siksti-foo.

"Nipo!" Benchi zima likageuka.

Daktari alikuwa kijana mpole. Akamfunika jicho moja, akarudi nyuma, akanyoosha mkono. "Vidole vingapi, Mama?"

Mbele yake palikuwa na ukungu, na ndani ya ukungu kivuli kikitikisika. Ulimi wake umejaa namba, zimejipanga, zinataka kutoka. Angeweza kutupa moja, huenda ingelenga. Hata nyumbani hakuwa amemwambia mtu hali ilikofika.

"Mwanangu," akasema, "kwa Kiswahili sivioni, na kwa Kiingereza sivioni."

Daktari akasogeza kiti karibu. "Afadhali umesema. Wengine hubahatisha, nasi tunawarudisha nyumbani tukidhani wanaona." Akamwangaza jicho kwa kurunzi. "Ni mtoto wa jicho, kakomaa. Leo nalala hapa, kesho asubuhi tunamtoa. Utakuja na nani?"

Mama Pindo akakunja kijikaratasi chake, akakitia mkobani.

"Na mke wa mwanangu," akasema. "Mwandikie ruhusa ya kazini."