Guru Aliyepiga Magoti na Vichanja vya Katonga

Mama alipofariki, kikundi chetu cha wanawake wanaoanika dagaa pale Katonga, kando ya ziwa, kilinipa nafasi yake ya uenyekiti. Walisema mtoto wa mwenyekiti anaijua kazi. Nilikubali kwa sababu kukataa kulihitaji maneno, na sikuwa nayo. Msibani sikulia. Kanisani mdomo uliimba, macho yakatazama feni. Nilikuwa kama mtu aliyelalia mkono wake: anauona, anaugusa, lakini hausikii.

Kitu pekee kilichobaki hai ndani yangu ni hofu ya kukosea. Nilipita nyuma ya kila mwanamke nikitandaza upya dagaa aliokwisha kuwatandaza, nikiokota changarawe ambazo hakuna mwingine aliyeziona.

"Yewe, mwenyekiti," alinitania mbele ya wote mama mmoja mzee wa asili ya Burundi, rafiki wa marehemu mama. "Ukimaliza na hawa wangu, ingia ziwani ukawapange na walio hai."

Walicheka. Mimi niliendelea kuokota.

Haikupita muda wakaitisha kikao cha kuchagua upya. Nilitaka kubaki. Uenyekiti ndio uliokuwa kitu cha mwisho cha mama nilichokishika, na niliogopa kwamba ukinitoka sitakuwa na sababu ya kuamka kitandani.

Shule niliishia kidato cha nne. Mengine nimejifunza kwenye simu. Nilitafuta habari za uongozi, nikaangukia historia ya Wasikhi. Kwetu ukisema Kalasinga, watu wanafikiria kilemba na gereji. Mimi nilisoma kwamba Guru wao wa kumi, yaani kiongozi wao wa dini, aliwaita walio tayari kutoa vichwa vyao, wakajitokeza watano. Akawanywesha maji ya sukari yaliyokorogwa kwa upanga, wakawa watu wapya. Kisha yeye mwenyewe akapiga magoti mbele yao, akaomba wamnyweshe na yeye. Hapo sikuelewa vizuri. Nikalikimbilia lililoonekana rahisi: jiko lao, ambako mfalme na ombaomba hukaa chini mstari mmoja wakala chakula kimoja.

Basi siku ya kikao nilipika. Ugali wa muhogo na migebuka, samaki wa ziwa letu, kwa mawese. Kila aliyetaka kunisaidia nilimrudisha. Nilitandika mikeka, nikawaketisha kwa mstari, Waislamu na Wakristo, wa Ujiji na wa Buzebazeba, nikapakua nikihakikisha vipande vinalingana. Kisha nikasimama mbele yao, nikiwatazama usoni kujua kama chumvi imekolea.

"Wewe huli?" aliuliza dada mmoja wa Ujiji. Kazi ya kuanika nilimfundisha mimi.

"Kuleni tu, dada. Mimi baadaye."

Yule mama mzee alilamba mawese kidoleni. "Anayesimama wenzake wakila ni askari magereza. Kaa chini, mwanangu."

Sikukaa. Nilikuwa nimeona kwamba samaki wa aliyekaa mwisho ni mdogo, nikaenda kumwongezea.

Kikundini kwetu tunachagua kwa miguu. Wagombea wanasimama, na kila mtu anakwenda nyuma ya anayemtaka. Nilisimama mimi, akasimama yule dada wa Ujiji. Mstari wake ulikua mpaka ukagusa vichanja vya kuanikia. Nyuma yangu nilisikia pumzi za mtu mmoja tu.

"Nimekuja kwa ajili ya mama yako," alininong'oneza yule mzee. "Lakini miguu inauma, usinicheleweshe hapa."

Nilisubiri uchungu uje. Haukuja. Aliyenijia kichwani ni yule Guru na magoti yake. Nilikuwa nimemchukulia kama kiongozi aliyetaka tu kuonyesha unyenyekevu. Pale, huku watu wote wakiwa upande wa pili, niliona kwamba bila wale watano kumnywesha angebaki nje ya kitu alichokianzisha mwenyewe. Mimi nilikuwa nje tangu mama azikwe, na nilikuwa nimejifungia huko kwa mikono yangu.

Nilimshika yule mama mkono, tukavuka, tukasimama mwisho wa mstari wa yule dada. Mmoja akapiga kigelegele, wengine wakaitikia.

Asubuhi iliyofuata niliamka. Sikuwa na sababu mpya. Niliamka tu, nikaenda Katonga, nikatandaza dagaa wangu, nikamwita yule dada.

"Mwenyekiti, naomba unikagulie."

Alinitazama kwanza, apate kujua kama namkejeli. Kisha akapitisha kiganja juu ya kichanja changu. "Hapa umewajaza. Wa chini hawatakauka."

Maneno hayo nilimfundisha mimi, na ulimi ulitaka kumwambia hivyo. "Sawa, mwenyekiti," nikasema, nikawapunguza.

Sijui kama hiyo ni imani. Wasikhi hufundisha kwamba mtu amkumbuke Mungu huku mikono yake ikifanya kazi ya halali, na anachopata agawane na wenzake. Sikuona popote walipoandika kwamba ni lazima kwanza ahisi kitu. Nililitaja jina la Mungu kimoyomoyo, kwa namna niliyofundishwa kanisani. Halikunigusa. Nikalitaja tena, nikageuza safu ya dagaa iliyofuata.