Aliyeachiwa Jaa

Siku ya kugawana mali ya marehemu, mdogo wake alinyoosha miguu sebuleni kama mwenye nyumba. "Bwawa la samaki langu. Bustani iliyo chini yake, yangu. Wewe shemeji, chukua kuku wako na lile jaa lenu la funza."

Wazee wa ukoo wakaitikia kwa vichwa. Mmoja akaangua kicheko: "Mama Jaa!"

Mjane hakulia. Bwawa lile alilichimba kwa mikono yake, mimba ya miezi sita tumboni, mumewe akisomba udongo. Akawakazia macho mmoja mmoja. "Sawa. Ila tuandike: jaa na kila kitokacho humo ni changu." Wakatia saini huku wanacheka.

Hawakujua walichosaini. Maganda na matumbo ya samaki aliyokusanya sokoni yalikuwa yakiozea jaani. Nzi wakataga, funza wakanenepa, kuku wakawadonoa. Samadi ya kuku ikaingia bwawani, maji yakawa kijani, na ukijani ule ndio uliolisha vidudu visivyoonekana kwa macho, navyo vikalisha samaki. Maji yale yakateremka kunywesha mboga, na majani makavu yakarudi jaani. Shemeji alichukua tumbo, akaacha mdomo.

Mjane akalikwangua jaa lote hata udongo wa chini, akalihamisha kwa mkokoteni, pamoja na kuku wake, mpaka kiwanja alichokodi nyuma ya machinjio. Kisha akasubiri. Kila asubuhi alipita kando ya bwawa, makusudi.

Shemeji, mtu wa usafi, aliyachukia maji ya kijani. Akawaweka samaki kwenye mapipa, akayamwaga maji yote, akajaza ya bomba.

"Unaona, Mama Jaa? Sasa hili ndilo bwawa!"

"Linapendeza, shemeji. Hata sahani tupu hupendeza."

Miezi minne baadaye samaki walikuwa vichwa vitupu, miili kama vijiti. Mboga zikapiga manjano. Na kazi yake ya ukarani shemeji alishaiacha kwa ajili ya bwawa. Akaanza kuhangaikia samadi. Mjane aliuzia mtaa mzima, hata wenye kopo moja la maua, ila si yeye. "Imeshawekewa oda," alimjibu kila alipotuma mtu.

Mwisho akaja mwenyewe, amejifunga leso puani. "Shemeji, damu nzito kuliko maji. Nipe japo magunia mawili."

"Maji yako mepesi kweli, nimeyaona. Siuzi. Nabadilisha."

"Kwa kitu gani?"

"Bwawa. Na bustani."

"Na mimi nile wapi?"

"Kwangu. Ila huku hakuna anayekula bure. Hata funza ana kazi yake."

Wakaandika tena, sebuleni palepale, mbele ya wazee walewale. Safari hii hakuna aliyecheka.

Siku hizi shemeji husukuma mkokoteni wa uozo kutoka sokoni, na njia aliyopangiwa inapita mlangoni kwa yule mzee wa kicheko. Leso amekatazwa. Mjane anasema aliyejifunga pua hawezi kujua jaa limeiva.