Chaza wa Buluu wa Tebelak

Binamu yangu Tebelak aliwapenda chaza kuliko watu, na watu hawakumsamehe. Tangu mkewe afariki, hapa kisiwani kwetu, Ngchesar, hakuwa na habari nyingine ila tangi lake la kioo pale sebuleni. Chaza wakubwa aliwalaza mchangani, kila mmoja juu ya kigae ili minyoo isimwingie kwa chini. Yule mdogo wa buluu, aliyemlea tangu akiwa saizi ya ukucha, alimpa jiwe la matumbawe karibu na taa. Chaza akajichimbia humo, mwaka baada ya mwaka, mpaka ikaonekana midomo yake ya buluu tu. Ukimtembelea Tebelak ulipewa tambuu na somo. Mimi nilifuata tambuu.

Kisha wakwe wa Uroi, dada yake mkubwa, wakatangaza kuja. Kwetu ndugu wa kiume ndiye humpa dada kitoweo cha bahari cha kuwalisha wakwe. Uroi akaja, akasimama mbele ya tangi.

"Nipe hao."

"Dada, nitakuletea samaki."

"Samaki nani hana? Mwanaume mzima unawatandikia chaza vitanda, mimi niaibike?"

Tebelak akanywea. "Haya, chukua wa mchangani, hao wanabebeka. Ila huyu wa buluu mwache. Ni wa jiwe. Ukimvuta utamrarua bure."

"Mimi nimvute?" Uroi alicheka mpaka tambuu ikamtoka mdomoni.

Tebelak akaenda baharini kumwongezea samaki, ili wa buluu asiguswe. Mjinga! Wanawake wetu hawamvuti chaza wa jiwe. Humkata nyama papo hapo kwa kisu, jiwe likabaki lilipo. Alilijua hilo tangu utotoni, ila miaka ya kumlea ilimsahaulisha kwamba huyo naye huliwa.

Alirudi moja kwa moja karamuni. Uroi akamwekea sahani mbele ya wakwe wote. Nyama imekatwa nyembamba, imekamuliwa ndimu, na kipande cha juu kina ukingo wa buluu. Tebelak akakitazama. Kukikataa ni kumvua dada yake nguo hadharani.

"Kula, mdogo wangu. Nimekuchagulia mwenyewe."

Akakitia mdomoni, akatafuna.

"Tamu?"

"Tamu, dada."

"Basi malizia," akasema Uroi, akimsogezea sahani.