Sahani ya Samaki Wawili

Sahani ile haikuliwa chakula. Bibi, mzaa mama, aliileta Voi kutoka Mombasa ikiwa imeviringwa kwenye leso, baba alipohamishiwa reli ya huku, miaka ya hamsini. Ilikuwa ya Kichina, ya kale, nzito, ya kijani kilichopauka, na katikati yake samaki wawili wakifukuzana. Kazi yake ilikuwa moja tu, kombe: mwalimu wa madrasa aliandika aya ndani yake kwa zafarani, Bibi akaziosha kwa maji ya waridi, mgonjwa akanywa. Sisi wajukuu hatukuruhusiwa hata kuipangusa vumbi. Mikono yetu, alisema, ilikuwa ya kuvunjia.

Mama alipougua, hospitali walimpa vidonge, Bibi akampa kombe asubuhi na jioni. Siku ya mwisho mama aligeuza uso.

"Mgonjwa haulizwi uji," Bibi akamwambia, akamshika kidevu.

Maji yalimtoka pembeni mwa mdomo, yakaacha doa la manjano kwenye mto. Alifariki kabla ya adhuhuri.

Sikulia. Wanawake walinong'ona kwamba nina moyo mgumu. Mimi nilikuwa nikilitazama lile doa, basi.

Hata matanga hayajaanuliwa, jirani yetu, Mdawida wa Werugha, kwenye milima ya Taita, akaja na mwanawe mgongoni.

"Bibi, nisaidie na ile sahani. Huyu mtoto joto halishuki. Mimi ni wa kanisa, lakini hata kama."

"Haikumponya wangu," Bibi akasema.

"Labda dawa ya wangu imebaki."

Bibi akamtuma baba kwa mwalimu.

Mtoto akapona. Nilimwona akikimbia uani na kipande cha muwa, nikamchukia. Nilitamani homa imrudie. Hicho ndicho kitu pekee nilichohisi mwezi ule.

Jirani akatuletea maziwa ya ng'ombe wa kwao, ya shukrani. Bibi hakutafuta kikombe. Aliitoa sahani rafuni, akaimiminia maziwa, akanipa.

"Kunywa."

Sikuwa mgonjwa, na sikuulizwa. Nilikunywa mpaka samaki mmoja akatokea, kisha wa pili. Maziwa hayakuwa na ladha yoyote. Bibi akaipokea, akaisugua kwa sabuni na jivu, akaipanga jikoni pamoja na sahani za wali.